"Mbona mnampima akiwa amelala?" (Sehemu ya 6)

Najua wengine mnasoma huku mnanyonyesha, wengine mmejifungia chooni mpate dakika tano za kupumua. Mimi nimetoka zamu ya usiku asubuhi, nimelala kidogo, nimepika, watoto wameshalala. Sasa tuongee.

Kwenye sehemu ya 5 tulizungumzia degedege la homa. Wengi mkaniandikia: "Sista, wangu anashtuka bila homa, tumeambiwa akapimwe ubongo. Hicho kipimo kikoje? Kina madhara?" Nitajibu. Lakini siwezi kujibu bila kuwasimulia kisa kimoja ambacho kimekaa kifuani kwangu mwaka wa tatu sasa. Mama mwenye kisa ameniruhusu, nami nimebadilisha vitu vichache asitambulike. Kosa lililomo ndani sijalibadilisha, kwa sababu ni langu.

Mtoto nitamwita Baraka. Alikuwa na miaka minne. Mama yake alipanda basi la alfajiri kijijini, akafika kwetu saa saba mchana, mtoto mgongoni, mkononi mfuko wenye kadi ya kliniki na chupa ya uji. Shida ya Baraka ilikuwa hivi: anacheza na wenzake, anakimbia, ghafla anasimama. Macho yanakwenda upande mmoja, mkono wa kulia unatikisika, halafu anaanguka chini. Dakika moja au mbili, anazinduka amechoka, analala. Kijijini walishasema mengi. Mnayajua, sina haja ya kuyarudia.

Daktari alikuwa ameshamwanzishia dawa ya maji, akaagiza na kipimo cha umeme wa ubongo, yaani EEG. Siku hiyo mimi ndiye niliyepangwa kumsaidia mtaalamu wa mashine.

Kwa asiyekijua kipimo hiki: hakichomi, hakina mionzi, na HAKIINGIZI UMEME kwenye kichwa cha mtoto. Kinasikiliza tu. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme mdogo sana, na sehemu kidogo ya umeme huo hufika hadi juu ya ngozi ya kichwa. Tunabandika vidude vidogo vya chuma, vinaitwa elektrodi, kama ishirini hivi, kwa geli. Kila kimoja kina waya wake unaokwenda kwenye mashine, na mashine inachora mawimbi. Kwa kawaida ni nusu saa hivi.

Mtu mzima anafumba macho, anatulia, mnamaliza. Kwa Baraka ilikuwa vita. Alikuwa na njaa, alikuwa na usingizi, hakutujua, chumba kina mashine za ajabu. Akalia, akavuta waya. Tukabandika upya, akavuta tena. Nje kuna foleni. Nikamshika kichwa mimi, nikamwambia mama amshike miguu. Nilikuwa nasema "tulia mwanangu, tulia," lakini ukweli ni kwamba nilimkandamiza kuliko ilivyohitajika. Baadaye akachoka, akasinzia dakika chache.

Ndipo mama yake akaniuliza, kwa upole kabisa: "Samahani sista. Mwanangu haanguki akiwa amelala. Anaanguka akikimbia. Mbona mnampima akiwa amelala? Si mngempima akiwa anacheza?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia, "Mama, hapa tunafuata utaratibu." Akanyamaza.

Majibu yalipotoka, sehemu kubwa ya kurekodi ilikuwa imeharibiwa na kilio na kujitupa. Iliyobaki haikuonyesha mawimbi ya kifafa. Mama alikuwa anawahi basi. Akanikuta kwenye korido akaniuliza, "Sista, majibu vipi?" Nikamjibu huku natembea: "Majibu mazuri mama, hakuna kilichoonekana."

Sentensi moja, jamani. Mimi nilimaanisha kipimo hakikuonyesha kitu. Yeye alisikia mtoto wake hana kitu.

Baada ya wiki sita Baraka akarudi, safari hii kwenye wodi ya majeraha. Mama alikuwa ameacha dawa. Kwa nini aendelee kukopa hela ya dawa wakati nesi wa hospitali kubwa amesema hakuna kitu? Mtoto akaangukia kwenye mafiga, sufuria ya maharage ikammwagikia mkono wote hadi begani. Alikaa nasi wiki tatu. Nilikuwa naomba nipangiwe mimi kumsafisha kidonda, na kila siku mama yake alikuwa ananishukuru. Hakunigombeza hata mara moja. Alisema mara moja tu, "Sista, si ulisema majibu mazuri?"

Mimi nina diploma ya uuguzi. Sikusomea mashine. Lakini baada ya hapo nilianza kusoma, usiku wa zamu wodi ikitulia, kwa bando langu. Nilitaka kulijibu lile swali la kwenye chumba cha kipimo. Kumbe mama wa kijijini aliuliza swali ambalo wahandisi wa vifaa vya tiba wamekuwa wakilihangaikia miaka mingi: tutaupimaje ubongo wa mtu anayetembea?

Nianze mwanzo. Mtu wa kwanza kurekodi umeme wa ubongo wa binadamu ni daktari Mjerumani, Hans Berger, katika mji wa Jena, mwaka 1924. Alikaa na matokeo yake miaka mitano, akayachapisha 1929. Na mmojawapo wa watu aliowapima ni mtoto wake mwenyewe, Klaus. Hilo lilinigusa. Hata mwenye mashine alianzia nyumbani.

Shida aliyokuwa nayo Berger ndiyo tuliyo nayo hadi leo: umeme wenyewe ni mdogo mno. Chukua betri ndogo ya rimoti, ina volti 1.5. Umeme wa ubongo unaofika kwenye ngozi ya kichwa ni mdogo kuliko huo mara makumi elfu. Sasa misuli nayo ina umeme wake. Mtoto akiuma meno, akilia, akikunja paji la uso, umeme wa misuli unafunika ule wa ubongo. Akipepesa macho, inaonekana kwenye mchoro. Waya ukitikisika tu, mchoro unaruka. Ni sawa na kutaka kumsikia mtu ananong'ona wakati jirani anatwanga mahindi ukutani kwako.

Kwa hiyo ule "utaratibu" niliomtajia mama Baraka una sababu. Tunamwambia mtoto atulie kwa sababu mashine haiwezi kutenganisha ubongo na kelele. Udhaifu ni wa mashine, si wa mtoto. Ningemwambia hivyo siku ile, ingenichukua dakika moja.

Wahandisi wamefanya nini? Kwanza kuna kundi la mtafiti anaitwa Daniel Ferris, alikuwa Chuo Kikuu cha Michigan huko Marekani, sasa yuko Florida. Yeye na wenzake waliwavalisha watu kofia zenye elektrodi nyingi kuliko zetu, wakawatembeza na kuwakimbiza kwenye mashine ya mazoezi, ile ya mkanda unaozunguka. Halafu wakatumia hesabu za kompyuta kuchambua: huu ni umeme wa shingo, huu wa macho, huu waya unatikisika, huu ni wa ubongo. Kwenye kazi waliyochapisha 2011 walionyesha kwamba mawimbi ya sehemu za ubongo zinazosimamia mwendo yanapanda na kushuka kufuatana na hatua za miguu. Zamani wengi waliamini kutembea kunaendeshwa zaidi na uti wa mgongo, ubongo unapumzika. Kumbe ubongo upo kazini kila hatua.

Lakini wenzao wakahoji: mna uhakika gani kwamba hiyo si mitikisiko tu? Kila hatua kichwa kinadunda, lazima kelele nayo ipande na kushuka na hatua. Swali zuri. Basi mwaka 2015 wakafanya kitu ambacho mama yeyote angekielewa. Walimvalisha mtu kofia ya mpira ya kuogelea, ile isiyopitisha umeme, ili umeme wa ubongo usitoke. Juu ya kofia wakaweka ngozi ya bandia inayopitisha umeme, juu yake ndiyo wakabandika elektrodi. Halafu wakamtembeza. Chochote kilichochorwa hapo hakikutoka kwenye ubongo, ni kelele tupu. Wakaipima kelele peke yake, wakakuta inaongezeka mwendo ukiongezeka, na inatofautiana kati ya mtu na mtu.

Nilipenda sana hapo. Hawakutetea majibu yao. Walikwenda kulipima kosa lenyewe.

Kutokana na hapo wakatengeneza elektrodi za mapacha, zimepeana mgongo. Moja inagusa ngozi ya kichwa, nyingine inaangalia nje na haisikii ubongo. Waya zake zinakwenda pamoja. Mtu akitembea, ya nje inarekodi mitikisiko tu, ya ndani inarekodi mitikisiko pamoja na ubongo. Kompyuta inachukua ya ndani, inaondoa ya nje, na kinachobaki kiko karibu zaidi na ubongo.

Wengine wakapita njia tofauti. Uingereza, Chuo Kikuu cha Nottingham pamoja na wenzao wa London, wanapima sumaku ya ubongo badala ya umeme. Ndiyo, seli zikiwasha umeme zinatoa na sumaku kidogo sana, ndogo kuliko ya dunia mara mamilioni mengi. Mashine za zamani za kupima sumaku hiyo ni kubwa, zinapoozwa kwa heliamu ya maji yenye nyuzi 269 chini ya sifuri, na kichwa hakitakiwi kusogea hata kidogo. Mwaka 2018 walionyesha kofia ya kuvaa yenye vipimo vidogo visivyohitaji ubaridi huo, na mtu aliyeivaa akanywa chai na kucheza mpira na kibao huku anapimwa. Mwaka uliofuata, 2019, wakaiweka teknolojia hiyo kwenye kofia ya baiskeli, wakawapima watoto, mmoja wa miaka 2, mwingine wa miaka 5. Mnajua walikuwa wanapima nini? Ubongo wa mtoto unavyopokea mguso wa mama yake. Mama anamgusa mtoto mkono, mashine inaona.

Niliposoma hiyo nikakumbuka mikono yangu kwenye kichwa cha Baraka. Nikafunga simu kwanza.

Kuna na njia ya mwanga. Mwanga wa karibu na wekundu, usioumiza, unapita kwenye fuvu laini la mtoto, na damu yenye oksijeni inaumeza tofauti na isiyo nayo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi, damu inaongezeka pale. Njia hii inavumilia kujisogeza kuliko EEG, ndiyo maana inawafaa watoto wachanga. Na hii haikubaki Ulaya. Huko Gambia, kijiji cha Keneba, watafiti walianza kuwapima watoto wachanga kwa kofia hizo, na kazi ya kwanza ikachapishwa 2014. Baadaye wakafuatilia watoto wa Gambia na wa Uingereza tangu kuzaliwa hadi miezi 24. Kijiji cha Afrika, kama cha akina Baraka.

La mwisho, hili ni la akina mama wenye mabinti. Wiki ileile ya Baraka kuna mama alikataa kabisa kumfumua binti yake rasta. Alikuwa amezilipia juzi, harusi ya mdogo wake Jumamosi. Tukamwona mkorofi. Kumbe hata hapo tatizo ni mashine. Elektrodi zilitengenezwa kwa nywele laini, kwenye nywele zetu zinaelea, hazigusi ngozi vizuri. Mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon kule Pittsburgh, Arnelle Etienne, aliliona hilo. Yeye na wenzake, mwaka 2020, walionyesha namna nyingine: unasuka nywele za mistari, kama tunavyosuka twende kilioni, mistari ipite pale elektrodi inapotakiwa kukaa, halafu kibanio maalumu kinajishikiza chini ya misuko na kuibana elektrodi kwenye ngozi. Wakaziita Sevo, neno la Krioli ya Haiti lenye maana ya ubongo. Yaani badala ya kuuliza "kwa nini nywele hizi zinasumbua", wakauliza "kwa nini kifaa hiki hakizijui nywele hizi".

Sasa msije mkamwambia daktari "nesi kasema kuna kofia za kutembea nazo." Wodini kwangu hazipo. Nyingi ya hizo bado ni za utafiti, na ile ya sumaku inahitaji chumba maalumu chenye kuta za kuzuia sumaku ya nje. Vipo vituo vinavyorekodi EEG kwa saa nyingi pamoja na video, lakini si kila hospitali.

Na kuna jambo lazima niliseme ili nisimwonee mtu: kumpima Baraka akiwa amelala halikuwa kosa. Mawimbi ya kifafa mara nyingi hujitokeza zaidi wakati wa kusinzia na usingizini, hata kama mtoto huanguka akiwa macho. Ndiyo maana tunawaambia mmcheleweshe mtoto kulala usiku wa kuamkia kipimo. Jibu la swali la mama Baraka lilikuwepo. Aliyekosa kulijua ni mimi, na badala ya kusema "sijui, ngoja nikuulizie", nikajificha nyuma ya utaratibu.

Haya, tuje kwenye yenu. Shikeni haya:

Moja. EEG safi haimaanishi mtoto hana kifafa. Karibu nusu ya wenye kifafa, kipimo cha kwanza kinaweza kisionyeshe kitu. Ubongo umesikilizwa nusu saa tu, mtoto ana saa 24. Kifafa daktari anakitambua zaidi kwa maelezo yako. USIACHE DAWA kwa sababu ya karatasi. Dawa inaachishwa na daktari, polepole, si ghafla.

Mbili. Simu yako ni kipimo. Mtoto akianza, mtu mmoja amhudumie, mwingine arekodi video. Onyesha uso, mikono, miguu, na muda. Tumekosa kofia ya kumpima akikimbia, lakini video ya mtoto akianguka uwanjani kwenu inamsaidia sana daktari.

Tatu. Maandalizi. Nywele zioshwe usiku, zisipakwe mafuta, hata ya nazi. Uliza kuhusu misuko kabla ya kusafiri, upige simu, usije ukafumua bure. Uliza pia alale saa ngapi. Dawa aendelee kunywa kama kawaida, labda daktari aseme vinginevyo. Njoo na chakula, kanga yake anayoijua, mdoli. Anayenyonya, njoo umnyonyeshe hapohapo, ndiyo dawa ya usingizi bora kuliko zote. Nyumbani mchezeni "mchezo wa kofia", mbandikeni stika kichwani, azoee.

Nne. Akishikwa na degedege: mlaze ubavu, ondoa vitu vya hatari, mlegezee nguo, angalia saa. Usimwekee kijiko wala kidole mdomoni. Usimbane. Usimpe kitu anywe. Ikipita dakika 5, au akirudia bila kuzinduka, kimbiza hospitali.

Tano. Jiko. Mwenye mtoto wa hivi, inua mafiga, weka kizuizi, sufuria zikae mbali, na asiachwe peke yake karibu na moto au maji. Hii naiandika nikiwa namwona Baraka.

Sita. Ukiambiwa majibu, usiondoke bila kuuliza: "Maana yake nini kwa mwanangu? Dawa naendelea au naacha?" Akikujibu anatembea, mfuate. Hata kama ni mimi.

Baraka je? Dada yake mkubwa alirekodi video kwa simu ya jirani, sekunde arobaini hivi. Daktari aliiangalia mara tatu, akabadilisha dawa. Tulirudia EEG, safari hii mama amembeba kifuani, tumezima taa, mimi nimekaa chini kimya, sikumgusa. Alilala mwenyewe. Mawimbi yakaonekana, upande wa kushoto, unaoendesha mkono wa kulia. Mwaka huu ameanza darasa la kwanza. Mara ya mwisho kuanguka ni miezi minane iliyopita. Kovu liko pale pale, na mkono unanyooka karibu wote.

Alipokuja kliniki mwezi jana alikuwa anakimbia kwenye korido. Mlinzi akamwambia, "We mtoto, tulia!" Nikamwambia mlinzi amwache.

Sehemu ya 7 nitaandika kuhusu kumpa mtoto dawa ya kila siku shuleni bila kumwaibisha. Mama ambaye mwanao ameshapimwa EEG, niandikie: mlimtulizaje? Na waliokujibu majibu, walikaa au walikuwa wanatembea? Usiku mwema.